Maharagi ya miti yavunwe siku 90 badala ya 115: tuzalishe mbegu wenyewe, au tunapoteza muda?

#1 Mulimi_Walungu
Jambo wote. Naweka hoja, muipige.

Maharagi ya miti (yale marefu yanayopanda kwenye miti tunayoyasimikia) huku milimani Walungu, Kivu Kusini, Kongo, yanakaa shambani siku 110 hadi 120. Msimu B (mvua za mwanzo wa mwaka), ukichelewa kupanda hadi katikati ya Machi, maganda yanaanza kujaa wakati mvua inakata. Unavuna punje zilizosinyaa. Mafupi yasiyopanda miti yanatoka siku 80 lakini mavuno ni madogo, na maganda ya chini yanayogusa udongo yanaoza mvua ikizidi.

Dai langu: tusingoje mtu atuletee mbegu. Mwenye pensi ndogo (kibanio kama cha kunyofolea nyusi), uzi wa rangi na daftari anaweza kukutanisha haragi la miti na lile linalotoa maua mapema, akachagua vizazi vinne au vitano, akapata la miti la siku 90. Nini kinazuia? Na wale wanaosema inatosha kuweka mbegu ya maganda yaliyokauka kwanza, je, kweli inafanya kazi?

#2 Mama_Katana
Inafanya kazi. Wamama wa Katana na Kabare wanafanya hivyo tangu zamani. Yaliyokauka kwanza yanafungwa pembeni kwa ajili ya mbegu, ya mwisho yanaenda kwenye chungu. Mbegu ya namna hiyo inawahi kuliko ya sokoni. Hakuna haja ya pensi.

#3 Daftari_la_Shamba
Mama, kwa heshima, hapo kuna mambo mawili yamechanganywa.

Ua la haragi linajichavusha lenyewe kabla halijafunguka. Baada ya vizazi kadhaa kila shina linazaa watoto walio sawa nalo kabisa. Ganda la kwanza na la mwisho la shina moja yana urithi ule ule; la kwanza liliwahi tu kwa sababu ua lake lilikuwa kwenye kifundo cha chini. Ukipanda mbegu za hayo maganda mawili, mashamba yatatoa maua siku moja.

Hii ilishapimwa, tena kwa maharagi. Wilhelm Johannsen wa Denmark alitoa kazi yake mwaka 1903: ndani ya ukoo mmoja safi alichagua punje kubwa na punje ndogo kizazi baada ya kizazi, na watoto wa pande zote mbili wakatoka na uzito wa wastani ule ule. Kuchagua ndani ya ukoo safi hakusogezi kitu.

#4 Mama_Katana
Huyo wa Denmark alikuwa na haragi la aina moja. Mimi nikifungua gunia la Kabare naona mekundu, ya manjano, meusi, ya madoadoa, marefu na mafupi pamoja. Hapo ukiweka yaliyokauka kwanza unachagua nini?

#5 Daftari_la_Shamba
Kwenye mchanganyiko unachagua ukoo ulio mwepesi dhidi ya ukoo mzito, na hiyo inasogea kweli. Hapo uko sahihi. Lakini ina ukomo: ukishabaki na ukoo mwepesi kuliko wote uliokuwa ndani ya gunia, umefika. Haupati kitu ambacho hakikuwemo. Tena mara nyingi yanayobaki ni mafupi, kwa kuwa ndiyo yanayowahi. Unachuja gunia la miti mpaka linageuka gunia la mafupi.

Kama lazima uchuje, chagua shina zima, si ganda. Shina lililofungua ua mapema, funga uzi siku hiyo hiyo, vuna peke yake, panda mstari wake peke yake msimu unaofuata. Mstari mmoja, shina moja. Bila hivyo hujui umechagua nini.

#6 Ruzizi_780
Mnakimbilia urithi kabla ya kuangalia joto. Haragi lile lile la miti likishuka kutoka Walungu hadi bonde la Ruzizi linatoa maua wiki kadhaa mapema, bila kuguswa na pensi ya mtu.

Hesabu: haragi halikui chini ya nyuzi 8 hivi. Chukua joto la wastani la siku, toa 8, jumlisha kila siku. Tuseme ukoo unatoa maua siku ya 45 pale Bukavu penye wastani wa 19.5. Hiyo ni 11.5 mara 45, kama 517. Panda juu mpaka mita 2,000 penye wastani wa 16.5: 517 gawa kwa 8.5 ni siku 61. Shuka bondeni penye 24: 517 gawa kwa 16 ni siku 32. Kila mita 100 unazopanda unapoteza karibu nyuzi 0.6.

Kwa hiyo mtu wa mita 1,900 anayelalamikia siku 115, nusu ya malalamiko ni mlima wake.

#7 Mulimi_Walungu
Mlima siwezi kuuhamisha, ndugu. Mbegu naweza.

#8 Lushi_Kijani
Kutoka Lubumbashi. Ruzizi kaacha kitu kimoja: urefu wa mchana. Maharagi mengi ya miti ya milimani yanataka usiku mrefu ili yatoe maua. Huku kwetu, nyuzi 11 na dakika 40 kusini, mchana wa Desemba unafika karibu saa 12 na dakika 48. Mbegu ya miti iliyotoka Kivu ikipandwa Novemba inaota, inapanda miti, inajaza majani, maua hakuna. Ile ile ikipandwa Februari, mchana unapungua, inatoa maua kwa wakati.

Jeni inayotawala jambo hili inaitwa Ppd. Ile inayolifanya haragi lisumbuliwe na mchana mrefu ndiyo yenye nguvu. Ile ya kutojali imejificha, inaonekana tu shina likiipata kwa mama na kwa baba. Wataalamu waliitambua kuwa ni kipokezi cha mwanga, PHYA3. Ukitaka mbegu ya mapema, anza hapo.

#9 Ruzizi_780
Lubumbashi, sawa. Bukavu, hapana. Nyuzi 2.5 kusini, mchana mrefu kuliko wote wa mwaka na mfupi kuliko wote vinapishana kama dakika 17 tu. Hakuna haragi la hapa linalojua Desemba na Juni vinatofautiana. Ukichagua Ppd ukiwa Bukavu unachagua kitu usichoweza kukiona shambani: wenye jeni na wasio nayo watatoa maua karibu pamoja.

#10 Nyiragongo_Bustani
Isipokuwa kama kuna taa. Goma kila uzio siku hizi una taa ya jua inayowaka mpaka asubuhi. Maharagi yaliyo chini ya taa hiyo yanaona usiku uliokatwa, na kwa mmea wa usiku mrefu kukatwa usiku ni sawa na mchana mrefu. Angalieni viwanja vya mjini: mistari iliyo chini ya taa ina majani mabichi na maua machache, mita kumi pembeni maganda yameshajaa. Watu wanalaumu mbegu.

Na jambo la pili, mushogoro, yaani majani ya maharagi yanayopikwa. Ukichuma majani kila wiki ya mboga, shina linatumia nguvu kurudisha majani badala ya kujaza maganda. Shamba linalochumwa majani usilihesabu siku zake kabisa.

#11 Bwana_Kasuku
Kwa hiyo mpaka sasa mkosaji ni mlima, jua, taa na mboga ya mama. Mbegu yenyewe haijashitakiwa. Endeleeni, mimi naleta kiti.

#12 Fundi_wa_Maua
Wakati mnashitakiana, Mulimi mwenye uzi huu wa mjadala aliuliza kuhusu kukutanisha. Nieleze.

Vifaa: pensi ya ncha nyembamba (ile ya nyusi inafaa ukiinoa kwenye jiwe), alkoholi ya asilimia 70 kwenye kichupa, uzi wa rangi mbili, vipande vya plastiki na kalamu isiyofutika na maji. Lenzi inasaidia.

Saa: asubuhi, saa 12 hadi saa 3. Jua likishakuwa kali ncha ya kike inakauka.

Upande wa mama chagua kichomozo kilichovimba, kinachoanza kuonyesha rangi lakini bado kimefungwa, yaani kitakachofunguka kesho. Kikiwa kidogo mno, ncha haijawa tayari. Kikiwa kikubwa mno, chavua imeshamwagika ndani na unafanya kazi bure.

Shika kwa vidole viwili bila kubana. Ingiza ncha ya pensi kwenye mshono wa petali kubwa ya juu, ifungue upande mmoja. Sukuma mabawa mawili pembeni. Chini yake kuna kibweta kilichojisokota kama konokono. Kipasue taratibu kwa kufuata msokoto wake. Ndani kuna stameni (sehemu za kiume zenye chavua) 10: tisa zimeungana chini, moja iko peke yake. Zitoe zote kwa kushika vikonyo, usishike vichwa. Hesabu mpaka 10. Vichwa viwe bado vimefunga, na rangi ya maziwa. Ukiona vumbi la manjano hata kidogo, nyofoa ua lote utupe.

Upande wa baba chukua ua lililofunguka asubuhi hiyo. Bonyeza mabawa chini, ncha yake inatoka kwenye kibweta ikiwa imebeba chavua kwenye vinyweleo vyake. Huna haja ya brashi. Paka ncha hiyo kwenye ncha ya mama mara mbili tatu, halafu zinasishe pamoja uache hapo. Rudisha petali ya juu ifunike, inahifadhi unyevu.

Funga uzi kwenye kikonyo bila kukaza. Uzi uliokazwa unakata kikonyo na ua linaanguka, ndiyo sababu ya kwanza ya kufeli kwa wanaoanza. Nyofoa maua na maganda mengine yote kwenye kifundo hicho, la sivyo shina litalisha yale makubwa na kuliangusha lako. Chovya pensi kwenye alkoholi kabla ya kuhama baba.

Siku ya tatu au ya nne utaona kama ganda limeanza. Yataanguka mengi. Fanya maua 30 kama unahitaji maganda machache.

#13 Mulimi_Walungu
Asanti sana Fundi. La miti linatoa maua siku 55, fupi siku 38. Yatakutanaje?

#14 Fundi_wa_Maua
Tanguliza la miti siku 17. Kwa usalama panda fupi mara tatu, kila baada ya wiki.

Fupi liwe mama, la miti liwe baba. Sababu si urahisi tu: kuota kwa urefu bila kukoma kuna nguvu juu ya ufupi. Mtoto akitoka mfupi ujue umechemka, ni mama aliyejichavusha. Akipanda mti, ni krosi ya kweli. Kama mama ana ua jeupe na baba la zambarau ni bora zaidi, maana zambarau nayo ina nguvu, unaona mapema.

Na msitupe mbegu kwa sababu ya rangi. Ngozi ya punje ni mwili wa mama. Punje za ganda la krosi zinafanana na za mama kabisa, watu wanazitupa wakisema imefeli. Rangi zinaanza kuchanganyikana kwenye punje unazovuna kutoka mashina ya F2 (kizazi cha pili baada ya kukutanisha).

#15 Semansi_Safi
Naongeza hatari ambayo Fundi hakuitaja. Ukikutanisha haragi la punje kubwa lenye asili ya Andes na la punje ndogo lenye asili ya Amerika ya Kati, mara nyingine watoto wa F1 (kizazi cha kwanza) wanatoka vibeti, majani yamejikunja na kuwa ya manjano, mizizi haikui, wanakufa. Si ugonjwa wala si udongo. Ni jeni mbili, DL1 ya upande mmoja na DL2 ya upande mwingine, zikikutana mmea unajiua. Kibeti cha namna hiyo kikitokea kwa F1 yote, badilisha mzazi mmoja, usipoteze mbolea.

#16 Daftari_la_Shamba
Sasa tuje kwenye idadi, maana hapa ndipo wengi wanakwama.

F1 zote zinafanana. Zivune, panda F2, hapo ndipo kila kitu kinatawanyika. Kama unatafuta kitu kimoja kilichojificha, kinatokea kwa shina 1 kati ya 4. Mashina 11 yanakupa uhakika wa asilimia 95 wa kuona angalau moja. Ukitafuta viwili kwa pamoja ni 1 kati ya 16: mashina 47, au 72 kwa uhakika wa asilimia 99. Watu wanapanda F2 mashina 20, hawaoni kitu, wanasema haiwezekani.

Lakini mpango wa Mulimi una tatizo. Ufupi unatokana na jeni inayoitwa fin, na fin iko kwenye kromosomu ya 1, ile ile yenye Ppd. Ni majirani, zinasafiri pamoja. Haragi fupi la mapema limebeba zote mbili. Ukichagua F2 zinazowahi, nyingi zitakuwa fupi. La miti na la mapema kwa pamoja linataka jeni hizo zitengane, na hilo ni adimu kuliko 1 kati ya 16. Panda F2 200 au 300, si 47.

#17 Lushi_Kijani
Au usitumie fupi kabisa. Mapema haiko kwa fupi peke yake. Kuna aina ya pili: inasimama wima, inaendelea kukua juu kidogo, haina fin, na baadhi yake zinatoa maua mapema. Tumia hiyo kama mzazi wa mapema na tatizo la #16 linaisha. Au kutanisha la miti la mlimani na MAC 44. Herufi za MAC ni za kundi la miti lililozalishwa kwa ajili ya mwinuko wa kati, linavumilia joto.

#18 Ruzizi_780
Daftari na Lushi wote mmerudi kwenye Ppd, na nimeshasema Bukavu haionekani. Haragi fupi linawahi Bukavu chini ya mchana wa saa 12. Kama Ppd haifanyi kazi hapo, basi kuwahi huko kunatoka kwingine: jeni nyingi ndogo, kila moja siku moja au mbili. Hizo hazifuati hesabu ya 3 kwa 1, yaani shina 1 kati ya 4. F2 itakupa mteremko kuanzia siku 38 mpaka 55, bila makundi. Chukua wachache wa mwisho wa upande wa mapema wanaopanda miti, basi.

#19 Daftari_la_Shamba
Fin yenyewe inaharakisha. Shina linapojifunga ncha kwa ua, halingoji. Hiyo si jeni ndogo.

#20 Ruzizi_780
Kwa mafupi ndiyo. Mwenye uzi anataka la miti. Fin ukiitoa, umetoa na kasi yake. Ndiyo maana nasema mtafika siku 100, hamtafika 90.

#21 Bwana_Kasuku
Siku 100 nazo zinapikwa. Songeni.

#22 Udongo_Mwekundu
Nimesoma yote, na hakuna aliyegusa fosforasi. Udongo wa Walungu ni mwekundu, mchachu, na fosforasi yake imeshikwa na chuma na aluminiamu. Haragi lenye njaa ya fosforasi linachelewa kutoa majani, linachelewa maua na linachelewa kukomaa. Halionyeshi manjano, majani yanakuwa madogo ya kijani iliyokolea, kwa hiyo mtu anadhani limenona.

Kabla hujakutanisha kitu, panda mistari minne ya mita 5, nafasi nusu mita. Hiyo ni mita za mraba 10. Miwili weka mbolea ya DAP (ya fosforasi na naitrojeni), jumla gramu 50 (ni gramu 10 kwa mita moja ya mraba, sawa na kilo 100 kwa hekta), chini ya mbegu, ifunike kwa udongo wa vidole viwili ili isiiunguze. Miwili usiweke. Andika siku ya maua. Ukipata tofauti ya siku tano, umepata kwa msimu mmoja kile ambacho hawa wanatafuta kwa miaka miwili.

Na wanaomwaga mbolea ya ng'ombe mbichi: naitrojeni ikizidi, kunakuwa na majani tele na ua linachelewa. Kosa la upande wa pili.

#23 Mama_Katana
Udongo_Mwekundu kasema. Sehemu ya jivu la jikoni kila mtu anaijua, maharagi yanawahi hapo.

#24 Udongo_Mwekundu
Jivu linapunguza uchachu na lina potasiamu nyingi, fosforasi kidogo. Linasaidia, ndiyo. Lakini usilitie pamoja na DAP kwenye shimo moja, amonia inapotea hewani.

#25 Taa_Zambarau
Nyinyi mnahesabu miaka. Kuna njia ya kuharakisha vizazi: taa za LED saa 22 kwa siku, ngano inatoa vizazi sita kwa mwaka. Betri, paneli na sanduku, F5 ndani ya mwaka mmoja.

#26 Lushi_Kijani
Ngano ni mmea wa mchana mrefu, ndiyo maana saa 22 inaisukuma. Haragi la miti ukilipa saa 22 litakaa na majani mpaka Noeli. Soma #10 ya Nyiragongo: hilo ndilo tatizo lile lile la taa ya uzio. Kwa haragi taa zisizidi saa 10 mpaka 12, na hapo jua la Bukavu linakupa bure.

#27 Semansi_Safi
Cha kuharakisha ni punje, si mwanga. Usingoje ganda likauke kwenye mti. Wiki nne hadi tano baada ya ua, ganda likianza kupauka kutoka kijani, punje imeshajitosheleza. Toa ganda, lianike kivulini siku tano au sita likiwa zima, ndipo umenye na upande. Punje changa ikianikwa juani inapasuka ngozi na kuoza. Unaokoa kama wiki mbili kila kizazi, na haragi halina usingizi wa mbegu, linaota moja kwa moja.

Kalenda: kutanisha msimu A (kuanzia Septemba). F1 msimu B. F2 msimu C (wa kiangazi) kule mabondeni penye maji. F3 msimu A. F4 msimu B. F5 msimu C. Ni miaka miwili. Kuanzia F2 mpaka F4 chukua punje moja moja kwa kila shina, endelea. Mchanganyiko wa ndani unapungua nusu kila kizazi: F2 asilimia 50, F3 25, F4 12.5, F5 karibu 6.

#28 Daftari_la_Shamba
Punje moja moja ndiyo, lakini siku ya maua inarithiwa vizuri, unaweza kuichagua tangu F2. Mavuno ndiyo yasichaguliwe F2. Shina moja halikuambii kitu kuhusu mavuno, limepata mbolea ya jirani au halikupata. Subiri mpaka uwe na mistari.

Na msimu C wa bondeni usiku ni wa baridi. Kila kitu kinachelewa. Usilinganishe namba za C na za A. Kila mistari kumi weka mmoja wa mbegu ya kawaida ya kijiji, ulinganishe na huo tu.

#29 Kalamu_Tatu
Swali dogo. Hizo siku 115 mnazihesabu mpaka wapi? Mpaka kupura?

#30 Daftari_la_Shamba
Swali zuri, kwa sababu nadhani nusu ya uzi huu tunahesabu vitu tofauti.

Andika tarehe tatu. Ya kwanza: siku ambayo nusu ya mashina ya mstari yana angalau ua moja lililofunguka. Ya pili: siku ambayo maganda mengi yamebadilika rangi kutoka kijani, hapo punje imeacha kuongezeka uzito. Ya tatu: siku ya kupura. Kati ya pili na tatu hakuna urithi, ni mvua na jua. Mvua ikinyesha wiki mbili, siku 95 zinageuka 110 na haragi halina kosa. Siku ya kuota nayo: hesabu kuanzia kuota, si kupanda, kama mvua ilichelewa baada ya kupanda.

#31 Mulimi_Walungu
115 yangu ni mpaka kupura.

#32 Bwana_Kasuku
Ha! Kumbe mkosaji wa tano ni daftari.

#33 Ruzizi_780
Toa siku 12 za kukauka, toa siku tano za fosforasi ya Udongo_Mwekundu, unabaki na 98. Uzi ungefungwa.

#34 Mulimi_Walungu
Haufungwi. Fupi nalo nalipima mpaka kupura, udongo ule ule, na linatoka 80. Tofauti iko pale pale.

#35 Semansi_Safi
Mulimi yuko sahihi hapo, kulinganisha ni ndani ya shamba moja.

Turudi kwenye magonjwa, maana mtachagua mapema mkasahau. Wakati wa kuchagua F2 toa kila shina lenye majani ya madoa ya kijani hafifu na mikunjo. Hiyo ni mozaiki, ugonjwa wa virusi, inaingia ndani ya mbegu, utaibeba vizazi vyote. Na kama mmoja wa wazazi ana jeni ya I, ile inayozuia mozaiki ya kawaida, jihadhari: ile mozaiki ya aina ya pili iliyoenea Afrika Mashariki ikilipata shina lenye I, linanyauka kutoka ncha, ukipasua shina ndani ni jeusi mpaka mzizi, linakufa. Mtu anaona F2 zake zinakufa anadhani ni maji. Pasua shina uangalie. Kinga yake ni jeni nyingine, bc-3, ikiwa pamoja na I.

#36 Nyiragongo_Bustani
Na chawa wa majani ndio wanaohamisha. Wakizidi kwenye kiwanja cha F2, kazi yote inaenda.

#37 Mama_Katana
Mmesema maua, mmesema mizizi. Hamjasema yanaiva kwa moto kiasi gani. Haragi la siku 90 linalotaka kuchemka asubuhi mpaka jioni, makala ya kupikia yote inaisha, hakuna mama atalipanda mara ya pili. Soko la Kadutu pale Bukavu nalo linataka rangi. Jeusi dogo hata likiwahi vipi bei yake ni chini.

#38 Lushi_Kijani
Kweli. Na kama mzazi wa mapema ni RWR 2245, mnapata faida ya chuma pia, ni mojawapo ya yale yaliyoongezwa chuma. Ila ni fupi, kwa hiyo hesabu ya #16 inarudi. Chuma chenyewe hakionekani kwa macho, kinapimwa maabara.

Kupima kuiva, Mama, ni rahisi: punje 25 za kila mstari, loweka usiku mmoja, chemsha zote kwenye sufuria moja ndani ya vifuko vya neti, jaribu kwa sindano kila dakika kumi. Zote ziwe za msimu mmoja. Za zamani zinakuwa ngumu bila kujali ukoo.

#39 Kalamu_Tatu
Nikishapata naweza kuuza?

#40 Semansi_Safi
Kugawana na majirani hakuna anayekuzuia. Kuuza kwenye mfuko wenye lebo ya mbegu iliyothibitishwa ni kazi ya SENASEM, idara ya taifa ya mbegu: aina iwe imeandikishwa, shamba limekaguliwa, sampuli imepimwa. Njia fupi ni kuipeleka INERA Mulungu, kituo cha utafiti wa kilimo, ishindanishwe na za kwao.

Kuhifadhi mpaka msimu: kausha mpaka chumvi isigande. Chupa kavu, kijiko cha chumvi kavu, maharagi kidogo, tikisa. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15, rudisha juani. Ikitulia chini, funga kwenye mfuko wa tabaka tatu, fukusi watakosa hewa.

#41 Mulimi_Walungu
Asanteni. Kwa hiyo msimu A: mistari minne ya fosforasi kama #22, na pembeni yake la miti mara moja, fupi mara tatu. Aina ya pili ya #17 naitafuta kwa nani?

#42 Fundi_wa_Maua
Fungua gunia la Mama Katana. Panda punje 100 za mchanganyiko bila kuweka miti yoyote. Yatakayojikunja chini yakitafuta pa kushika, acha. Yaliyojifunga ncha kwa ua, acha. Yanayosimama wima, ncha ikiendelea kuchipua majani juu ya maua ya kwanza, ndiyo hayo.

#43 Ruzizi_780
Na yale yanayowahi kati ya hayo yapande tena mita 1,900 kabla hujayaita ya mapema.

#44 Mama_Katana
Gunia langu halifunguliwi bure. Mleteni huyo wa pensi kwanza.